Seli Zilizogoma

Nyumba yangu haina mlango, walitutega utotoni,
nasi tukajibu kwa pupa: yai!
Sasa kila Jumatatu, ghorofa ya tatu, Dundee,
nyumba hiyo naitoboa dirisha
kwa mkasi mwembamba kuliko ukucha wangu,
nabandua gamba upana wa shilingi,
nachungulia.

Siku ya tatu. Moyo ushaanza,
nukta nyekundu inayopepesa kama taa ya jokofu bovu.
Ubavuni vinundu vinne,
viwili vya mabawa, viwili vya miguu,
ukipiga chafya umevipoteza.
Hakuna mfupa. Hakuna hata wazo la mfupa.
Kuna ukingo tu, mshono mwembamba nchani,
unaoziambia seli zilizo karibu: bado, bado, zidini;
na zile zinazoachwa nyuma
ndizo zinazotulia zikawa bega.
Kisha kiwiko. Kisha kifundo.
Vidole ndio vitindamimba.

Ailsa Geddes, aliyenifunza kazi,
alikata punje ya nyama ukingo wa nyuma wa bawa moja
akaipandikiza ukingo wa mbele wa jingine.
Wiki moja baadaye nikaona bawa
lenye vidole maradufu, vikitazamana kama kwenye kioo.
Punje haikujua imehamishwa.
Iliendelea kusema lilelile ililosema kwao:
huku ndiko kwa kidole cha mwisho.
Nikaenda kusimama msalani kidogo.
Mwaka wa nane nipo hapa, na bado asubuhi
nusura nimwambie dereva wa basi shikamoo.

Watu hudhani vidole huota
kama matawi. Sivyo.
Kwanza ni kiganja kizima, bapa,
kama zile glavu za sufu wanazovaa watoto hapa Januari,
gumba chumbani peke yake, wengine wote chumba kimoja.
Kisha seli za katikati hufa.
Haziuawi. Hupata neno, hujikunja,
hujimega vipande, na jirani huzimeza.
Ile nafasi unayopitisha vidole vya mwenzio
mnapovuka barabara yenye barafu,
kuna waliokupisha.

Kwa bata hazifi. Ndiyo maana anaogelea.

Na kwangu, mkono wa kushoto,
kati ya kidole cha kati na cha pete, ziligoma.
Ngozi moja, hadi kwenye kucha.
Mkunga aliponinyanyua Muheza kule
hakumuuliza mama kama amechoka.
Alisema: Ulimcheka bata, wewe.
Miaka thelathini na mmoja mama hali bata,
hafugi bata, akimwona bata
hutazama chini kama mbele ya mdai.

Kwa hiyo leo, mchana wa saa sita wenye giza la magharibi,
nimesimama kando ya bwawa la Stobsmuir
nikiwa na glavu niliyoikata na kuishona upya mwenyewe,
bata wanateleza juu ya barafu, wanakaa, wanainuka,
nami nampigia simu.

Mama, si laana. Ni seli tu. Ziliambiwa ziondoke
hazikusikia. Au zilisikia, zikakataa.
Hakuna aliyekosa.

Kimya. Mtandao unakatika, unarudi.
Nasikia sufuria likifunikwa.

Lakini nilimcheka, anasema.
Alikuwa anakimbia na mfuko wa nailoni shingoni,
anadhani unamfukuza, anageuka kuutukana.
Zamda, mwanangu, ungekuwepo
hata wewe ungecheka.

Nilikuwepo, namwambia.
Ukubwa wa haragwe, hujajua bado,
mikono yote miwili ndani ya glavu.

Akaguna. Kisha, taratibu,
kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake bata akitajwa:
pumzi fupi fupi puani,
na mkono, nadhani mkono,
ukiziba mdomo.